Kuoanisha Kiraka na Gololi katika Gobore Lenye Mifuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaopiga shabaha au kuwinda kwa gobore lenye mifuo (mifereji ya kuzunguka iliyokatwa ndani ya mtutu), hasa wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani na Kanada, ambako majimbo mengi yana msimu wa uwindaji uliotengewa magobore. Maelekezo mengi kuhusu jambo hili hutoa namba na kuacha sababu. Ukizijua sababu, namba utazipata mwenyewe hata kwa mtutu ambao hakuna mtu aliyeuandikia maelezo. Vipimo vya shughuli hii viko kwa inchi, nami nimeviacha hivyo, nikiongeza milimita pale zinaposaidia. Nikisema "elfu tano" kuhusu unene, namaanisha sehemu tano za elfu za inchi, yaani 0.005.

Kiraka kinafanya kazi gani hasa?

Gololi ya risasi (yale madini laini) hufanywa ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu, kwa sababu inaingilia mdomoni na ni lazima ifike chini bila kupondwa. Udogo huo unaacha mwanya pande zote. Kiraka, kipande cha kitambaa kilichotiwa mafuta na kuizunguka gololi, ndicho kinachouziba. Baruti inapowaka, gesi inakisukuma kiraka kutoka nyuma, na kiraka kwa kuwa kimeuma ndani ya mifuo kinalazimika kuzunguka kuifuata, na gololi iliyobanwa ndani yake inazunguka pamoja nacho. Gololi yenyewe haigusi chuma hata kidogo. Ikishatoka, hewa inakifungua kiraka, kinadondoka mita chache mbele ya mpigaji, na gololi inaendelea peke yake.

Kwa hiyo kiraka ndicho kinachounganisha mtutu na gololi. Kikilegea, kikiungua au kikichanika kabla ya kufika mdomoni, mifuo yote ile haina faida, na gololi inaruka kama iliyotoka kwenye bomba la maji. Watu hubadilisha vilengeo na kulaumu macho yao wakati tatizo ni kitambaa.

Nianze na vipimo gani?

Chukua gololi iliyo ndogo kuliko kaliba (kipenyo cha tundu la mtutu) kwa elfu kumi, na kitambaa chenye unene wa kati ya 0.015 na 0.018 (milimita 0.38 hadi 0.46). Kwa kaliba zinazopatikana sana inakuwa hivi:

Kaliba .32: gololi 0.310, uzito gramu 2.9
Kaliba .36: gololi 0.350, gramu 4.2
Kaliba .45: gololi 0.440, gramu 8.3
Kaliba .50: gololi 0.490, gramu 11.4
Kaliba .54: gololi 0.530, gramu 14.5
Kaliba .58: gololi 0.570, gramu 18

Uzito huo ni wa risasi safi isiyochanganywa na madini mengine. Vipimo hivi ni pa kuanzia tu. Mitutu miwili ya kaliba moja, hata kama imetoka kiwanda kimoja, inaweza kutaka viraka tofauti.

Gololi ya 0.490 ukiongeza kitambaa cha 0.018 pande mbili unapata 0.526. Inaingiaje kwenye tundu la 0.500?

Swali hili ndilo la msingi, na anayelielewa hahitaji sana mengine yaliyobaki.

Ndani ya mtutu wenye mifuo kuna vipenyo viwili. Kuna kipenyo cha matuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mfuo na mfuo, na hicho ndicho kinachoitwa kaliba: 0.500 (milimita 12.7). Halafu kuna kipenyo cha chini ya mifuo, ambacho ni kikubwa zaidi. Mifuo ikiwa na kina cha 0.010, kipenyo hicho ni 0.520.

Sasa iweke gololi ya 0.490 katikati. Kutoka kwenye gololi hadi kwenye tuta kuna mwanya wa 0.005 kila upande. Kutoka kwenye gololi hadi chini ya mfuo ni 0.015. Kitambaa cha 0.018 kinapopita juu ya tuta kinabanwa kutoka 0.018 hadi 0.005, chini ya theluthi ya unene wake. Pamba inakubali kubanwa hivyo, na risasi laini inabonyea kidogo kuisaidia. Ndani ya mfuo kinabanwa elfu tatu tu, lakini kinagusa chini. Mwanya wote umezibwa.

Badili kitambaa, weka cha 0.010. Juu ya matuta bado kinabana, na mkono wako utasikia ukinzani unaposhindilia, kwa hiyo utadhani mambo ni sawa. Lakini chini ya mifuo kumebaki nafasi ya 0.005 ambayo haina kitu. Gesi ya moto inapita humo, inakiunguza kiraka, na gololi inatoka bila mzunguko wa kutosha. Mtutu wenye mifuo saba una njia saba za aina hiyo.

Ndiyo maana unatakiwa kuujua kina cha mifuo yako. Watengenezaji wengine hukata mifuo ya duara yenye kina cha 0.016. Kwa mtutu wa namna hiyo, gololi ya 0.490 inaacha mwanya wa 0.021, na kitambaa cha 0.018 hakifiki chini. Utahitaji cha 0.022 au zaidi.

Nitajuaje vipimo halisi vya mtutu wangu?

Usiamini namba iliyogongwa kwenye chuma peke yake. Tumia vernia kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), pima mdomoni kutoka tuta hadi tuta linalolikabili, kisha kutoka mfuo hadi mfuo. Mifuo ikiwa ni saba au idadi nyingine isiyo shufwa, tuta linakabiliana na mfuo na kipimo kinapotosha. Hapo mpelekee fundi wa bunduki. Mitutu ya zamani na baadhi ya mipya imepanuliwa makusudi mdomoni ili gololi iingie kwa urahisi, na kwa hiyo kipimo cha mdomoni si cha ndani.

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji vifaa. Hakikisha gobore halina kitu, kwa kuteremsha mdeki (fimbo ya kushindilia) hadi chini na kuulinganisha na alama ya mtutu mtupu uliyoiweka juu yake. Usitie baruti wala fataki (kikofia kidogo kinachowasha baruti). Weka kiraka chenye mafuta na gololi, vibonyeze vizame mdomoni kiasi cha gololi nzima tu, kisha shika pembe za kitambaa uvute vyote vitoke. Itazame gololi kwenye mwanga. Panapopita matuta utaona alama za ufumaji wa kitambaa zimejichora wazi kwenye risasi. Kitazame na kiraka: palipopita mifuo pawe pamebanwa pia, hata kama ni kidogo. Kama kitambaa kwenye mifuo bado kimetuna kama kilivyokuwa, ongeza unene. Kama kimekatika, ama ukingo wa mdomo ni mkali au umezidisha.

Kipi bora: gololi kubwa na kiraka chembamba, au gololi ndogo na kiraka kinene?

Mimi nachagua kiraka kinene bila kusita. Kitambaa kinene kinabeba mafuta mengi, kinastahimili moto, na kinajaza mifuo vizuri zaidi kuliko risasi laini inavyoweza. Gololi ya 0.495 kwenye tundu la 0.500 inaacha elfu mbili na nusu tu juu ya tuta. Ukiipa kitambaa cha 0.018 utahitaji nyundo, na baada ya mipigo michache masizi yatakushinda.

Wapo wapigaji wa mashindano wanaotumia jozi za kubana namna hiyo na kupata matokeo mazuri sana. Lakini wao wanapiga mezani, wanasafisha mtutu baada ya kila mpigo, na wana muda. Mwindaji aliye porini, anayetaka kushindilia mara ya pili kabla mnyama aliyejeruhiwa hajapotea, anahitaji jozi inayoteremka kwa mdeki wa mbao bila kumenyana nayo.

Mvutano huu ni wa tangu zamani. Jeshi la Uingereza lilipoanza kutumia bunduki ya Baker mwaka 1800, yenye tundu la 0.625, askari wa mwanzo walipewa nyundo ndogo za mbao za kugongea gololi iliyofungwa kiraka. Baadaye nyundo hizo ziliachwa. Huko Pennsylvania, mafundi wa asili ya Kijerumani walichukua bunduki fupi nene ya wawindaji wa kwao na, katika karne ya 18, wakaifanya ndefu na nyembamba, yenye kaliba ndogo, ikitumia gololi ndogo ndani ya kitambaa cha mafuta. Kwenye kitako waliweka kisanduku chenye kifuniko, mara nyingi cha shaba, cha kutunzia viraka. Mtu hatoboi kitako cha bunduki yake kwa ajili ya kitu kidogo kisicho na maana.

Nitumie kitambaa gani?

Pamba tupu au kitani tupu. Nailoni, poliesta na mchanganyiko wake wowote haufai kabisa: unayeyuka, unajipaka ndani ya mtutu na kuzibia mifuo. Kama huna hakika, choma uzi mmoja. Pamba inaacha jivu linalosagika, poliesta inaacha donge gumu.

Kinachotegemewa na wengi ni kile kitambaa kizito cha mistari cha kufunikia magodoro na mito, kilichofumwa kwa kubana, chenye unene wa karibu 0.018. Drili nzito ni nzuri. Jinzi ya pamba tupu inafaa kwa mifuo yenye kina kirefu. Fulana na flana hazifai kwa sababu zinavutika na ufumaji wake uko wazi. Kitambaa cha marekani cha kawaida ni chembamba mno kwa mitutu mingi, ingawa kwa mifuo yenye kina kidogo sana kinaweza kutosha.

Kitambaa kipya kifue kwa maji ya moto kabla ya kukikata ili wanga wa kiwandani utoke. Kikifuliwa kinajikunja kidogo na kuwa kinene zaidi, kwa hiyo pima baada ya kufua.

Unene wa kitambaa unapimwaje? Kila nikipima napata namba tofauti.

Kwa sababu kitambaa kinabonyea. Kalipa ikishikwa kwa wepesi inatoa namba moja, ikikazwa inatoa nyingine, na tofauti inaweza kufika elfu tatu au nne. Tumia mikromita, ikaze kwa nguvu ileile kila mara, pima sehemu kadhaa. Mtu akikuambia anatumia kitambaa cha 0.020, muulize amepimaje, vinginevyo namba yake haikusaidii. Kwa vitambaa viwili vyenye unene sawa, chagua kilichofumwa kwa kubana zaidi.

Ukubwa wa kiraka hauhitaji umakini mkubwa hivyo. Kwa kaliba .50, kipande cha milimita 30 hadi 35 kinatosha. Kiwe cha duara au cha mraba si neno, mradi gololi ikae katikati. Wengi wanaweka kitambaa mdomoni, wanaibonyeza gololi, kisha wanakata kinachozidi kwa kisu kikali. Kwa njia hiyo gololi haiwezi kukaa upande.

Mafuta yanahusianaje na vipimo?

Yanahusiana sana, kwa sababu mafuta yanabadili jinsi kitambaa kinavyobanwa na jinsi masizi yanavyokaa. Uwanjani, ambako unapiga mara tu baada ya kushindilia, mate yanatosha kabisa. Kwa uwindaji usitumie mate: gobore likikaa limeshindiliwa saa nyingi, mate yanakauka na kutia kutu. Hapo tumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya zeituni, au mafuta ya mnyama yasiyo na chumvi. Epuka oili ya injini na grisi za petroli, maana zikikutana na baruti nyeusi zinatengeneza utando mweusi mgumu kama lami.

Kiraka kisilowe hadi kuchuruzika. Mafuta yanayozidi yanaingia kwenye baruti iliyo chini yake, na mpigo unachelewa au unadhoofika.

Kiraka kilichopigwa kinaniambia nini?

Kinakuambia karibu kila kitu, na ni bure. Uwanja ukiruhusu na wote wameacha kupiga, nenda mbele mita tano hadi kumi na tano ukaviokote. Ukiviokota vitano vyenye hali moja, unajua ulipo. Kimoja peke yake hakithibitishi kitu.

Kiraka kizuri kina doa la moshi katikati mahali kilipokalia baruti, kina mviringo wa alama za mifuo ukilizunguka, na pembe zake zimechanua nyuzi. Hakina tundu. Ukikitazama unahisi ungeweza kukitumia tena.

Ukiona kimeungua kwenye ule mviringo, kitambaa kikiwa kahawia au kimekuwa jivu, gesi imepita pembeni. Ongeza unene kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiona kimeungua katikati, chini kabisa ya gololi, moto wa baruti unakila: ama kitambaa ni dhaifu, ama mafuta hayatoshi, ama baruti ni nyingi. Hapo watu huweka kizuizi kati ya baruti na kiraka, kama duara la felti (sufi iliyoshindiliwa) au, kwa mila ya zamani ya Marekani, kipande cha kiota cha nyigu, ambacho hakishiki moto kwa urahisi.

Ukiona mikato iliyonyooka, kama ya wembe, ikifuata mpangilio wa matuta, chuma ndicho kinachokata. Mitutu mipya mara nyingi ina ukingo mkali mdomoni. Fundi anaweza kuulainisha kwa msasa laini kwa dakika chache; wengine wanaweka msasa juu ya mdomo na kuuzungusha kwa kidole gumba. Matuta makali yaliyo ndani zaidi hulainika yenyewe kwa mipigo mingi. Kutofautisha mkato na kuungua, tumia lile jaribio la kuvuta: kiraka kikikatika bila baruti, moto hauna hatia.

Viraka vilivyosambaa vipande vipande havisomeki. Rudi kwenye kitambaa kinene zaidi na baruti kidogo, kisha ongeza baruti polepole.

Nilishindilia vizuri mpigo wa kwanza, wa nne ukakwama katikati. Kwa nini?

Masizi. Baruti nyeusi inaacha mabaki mengi, na kila mpigo unapunguza tundu kidogo. Hewa kavu inayafanya magumu, unyevu unayalainisha. Pitisha kitambaa kilicholowa kidogo mara moja kwenda na kurudi, kisha kikavu, baada ya kila mpigo au kila miwili. Jozi iliyooana vyema yenye mafuta ya kutosha inafuta masizi yenyewe inaposhuka, na wengine wanapiga mara nyingi bila kusafisha.

Gololi ikikwama katikati usipige. Gololi isiyokalia baruti ni hatari kubwa: mgandamizo unaweza kuuvimbisha au kuupasua mtutu. Weka alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu ulioshindiliwa, na uzitazame kila mara.

Naweza kutumia risasi ya magurudumu ya gari kutengenezea gololi?

Kwa gobore la kiraka, hapana. Vile vizito vya kusawazishia magurudumu vimechanganywa na antimoni, na gololi yake ni ngumu: haibonyei juu ya matuta, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa kitambaa. Tena, risasi ngumu hunywea kidogo inapopoa kuliko iliyo safi, kwa hiyo kalibu ileile itakutolea gololi kubwa zaidi. Tumia risasi safi. Ukucha ukiikwaruza inaacha alama. Inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Fanya kazi nje au penye upepo, weka maji mbali kabisa, na nawa mikono kabla ya kula.

Je, gobore la kwetu lenye mtutu laini linahitaji kiraka?

Magobore mengi ya Afrika Mashariki hayana mifuo. Kiraka kinaweza kutumika humo pia, kushikilia gololi na kuzuia gesi, lakini hakina cha kuzungusha. Kwa kuwa hakuna matuta, punguza unene ili kitambaa kibane bila kulazimishwa. Usahihi utaongezeka kwa masafa mafupi tu. Magobore ya kufua kienyeji, ambayo chuma chake hakijulikani, sishauri yapigwe kwa jozi ya kubana, na kwa kweli sishauri yapigwe kabisa.

Je, sheria inasemaje?

Tanzania na Kenya, gobore ni silaha na linahitaji kibali. Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1968 haiyahesabu magobore mengi kama silaha za kisasa, lakini majimbo yana masharti yake, na ya uwindaji hutofautiana: Pennsylvania, kwa mfano, ina msimu wa baada ya Krismasi wa magobore ya gumegume (yanayowashwa kwa cheche za jiwe) tu. Kanada, nakala mpya ya bunduki ndefu ya gumegume haihitaji leseni ya kuimiliki, ya fataki inahitaji. Soma sheria ya mwaka husika mahali ulipo.

Nikibadili kiasi cha baruti, nibadili na kiraka?

Mara nyingi ndiyo. Kiraka kilichokuwa safi kwa baruti ya mazoezi kinaweza kuungua kwa baruti ya uwindaji. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, piga mipigo mitano, okota viraka, andika. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki. Na usitie kamwe baruti isiyo na moshi ya risasi za kisasa: hata kiasi kidogo kinaweza kulipasua gobore na kumuua aliyelishika.

Nimeshindilia kiraka na gololi nikasahau baruti. Nifanyeje?

Elekeza mdomo mahali salama, ondoa fataki au fungua kisahani cha baruti cha gumegume na ukifute. Kama una hakika kabisa kuwa baruti haimo, funga kwenye mdeki ile parafujo ya kuvutia gololi, izungushe katikati ya risasi hadi iume, kisha vuta kwa unyoofu bila kuweka mwili mbele ya mdomo. Mdeki wa chuma wenye mpini wa T unasaidia, wa mbao hukatika. Vipo pia vifaa vya kusukuma gololi kwa gesi ya kaboni dayoksaidi kupitia tundu la moto. Kama hujui baruti imo au haimo, chukulia kuwa imo, usiingize parafujo, na umwite msimamizi wa uwanja.